Mchungaji Dkt. Bruno Gutmann (1876–1966): Mtafiti wa Ujirani na Mali ya Wote

Ni desturi njema kwamba usharika unapotimiza miaka 100 uwakumbuke waliotangulia: wainjilisti waliotembea kwa miguu, walimu, wazee wa kanisa, na akina mama waliobeba mawe na maji ya kujengea. Hao wametajwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Ukurasa huu unamkumbuka mtu ambaye hakutumwa Buha, na ambaye kazi yake yote ya Afrika aliifanya katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Tumemweka hapa kwa sababu swali alilolichunguza kwa maisha yake yote ni swali letu pia katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo: ni kitu gani kinachowaunganisha watu hata waweze kutunza kwa pamoja ardhi, maji, msitu na nyuki, vitu ambavyo hakuna mtu mmoja awezaye kuvitunza peke yake?

Asili yake na wito wake

Bruno Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden, Saksonia, nchini Ujerumani. Ulikuwa wakati ambapo viwanda vilikuwa vikikua haraka, na maelfu ya watu walikuwa wakiacha vijiji vyao kwenda kuishi katika majumba ya kupanga mijini. Kijana Gutmann aliona kwa macho yake jinsi mtu anavyoweza kuishi ukuta kwa ukuta na mwenzake bila kumjua jina. Jambo hilo halikumtoka moyoni, na msomaji wa vitabu vyake atalikuta karibu kila mahali.

Aliingia katika chuo cha Misioni ya Kilutheri ya Leipzig. Katika mji huohuo alifundisha Wilhelm Wundt, profesa aliyejulikana sana kwa elimu ya nafsi na desturi za mataifa. Gutmann alivutiwa na fikra za mwalimu huyo, kwamba mtu hawezi kueleweka akitazamwa peke yake, bali hueleweka ndani ya lugha, mila na jamii iliyomlea. Hivyo alitoka chuoni akiwa na mambo mawili mkononi: Injili, na hamu ya kuwasikiliza watu kabla ya kuwafundisha.

Kufika Kilimanjaro

Misioni ya Leipzig ilikuwa imeanza kazi Machame mwaka 1893. Gutmann alifika mwaka 1902. Nchi aliyoikuta ilikuwa na majeraha mabichi. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwezi Machi 1900, serikali ya Kijerumani ilikuwa imemnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Kodi ilikuwa imeingia, kazi za mashamba ya walowezi zilikuwa zikiwachukua vijana, na ardhi ya chini ya mlima ilikuwa ikigawiwa wageni.

Alitumika Mamba na Machame, akaanzisha kituo cha Masama, kisha afya yake ikadhoofika akarudi Ujerumani mwaka 1908. Katika likizo hiyo, mwaka 1909, alichapisha kitabu kuhusu fikra na utunzi wa Wachaga. Mwaka 1910 alirudi na kupewa kituo cha Old Moshi, mahali panapoitwa Kidia. Hapo ndipo jina lake lilipofungamana na watu, na hapo ndipo alipofanya sehemu kubwa ya utafiti wake.

Namna yake ya kutafiti ilikuwa ya subira. Hakupita na karatasi ya maswali na kuondoka baada ya wiki mbili. Alijifunza Kichaga mpaka akatafsiri Agano Jipya katika Kichaga cha Moshi. Alikaa na wazee, akawasikiliza wakisuluhisha mashauri ya mipaka, mahari, mifugo na maji, akaandika. Aliandika hata mafundisho waliyopewa vijana wakati wa jando, pamoja na maana ya mregho, ile fimbo yenye alama zilizochongwa ambayo mwalimu aliifuata alama kwa alama alipokuwa akifundisha.

Alichokiona katika mfereji wa maji

Wageni waliotangulia walistaajabia mifereji ya Wachaga, inayoitwa mifongo. Maji yalitolewa katika mito ya makorongo yenye kina, yakapitishwa kando ya mteremko kwa umbali mrefu, mpaka yakafika katika vihamba vya migomba. Wasafiri walisifu ustadi wa mikono. Gutmann alitazama jambo jingine: ni nani anayeamua maji yaende wapi, na kwa nini watu wanamtii?

Aligundua kwamba mfongo ulikuwa ni jamii kabla ya kuwa mtaro. Ukoo ulioufungua kwanza ulikuwa na heshima yake na mzee wake. Wenye kutumia maji walipewa zamu. Maji ya usiku yalikusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, yakafunguliwa mchana. Mvua ilipobomoa banio, watu wote wa mfereji ule waliitwa kazini, na asiyefika bila sababu alitozwa faini. Aliyeiba maji nje ya zamu yake hakuwa amemkosea jirani mmoja tu, alikuwa amewakosea wote walioshika majembe. Hapakuwa na polisi wa maji. Kilichoulinda mfereji ni kwamba kila mtu alimhitaji mwenzake kesho.

Vivyo hivyo katika ardhi. Kihamba kilikuwa cha familia, nacho kilirithiwa, na makaburi ya wazee yalikuwamo humo. Mashamba ya chini, ya ulezi na mahindi, yaligawiwa kwa utaratibu mwingine. Mpaka uliwekwa kwa mmea wa isale, ambao huohuo ulikuwa alama ya kuomba radhi na amani. Kwa hiyo kitu kilekile kilichosema hapa ni kwangu na pale ni kwako, ndicho kilichobebwa mkononi na mtu aliyekwenda kupatana na jirani yake. Gutmann hakuona hilo kuwa jambo la bahati.

Nyuki na mti

Kwa wasomaji wa Kasulu na Kibondo, ambako asali ya miombo imewalipia watoto wengi karo ya shule, huenda sehemu ya utafiti wake inayogusa zaidi ni ile ya ufugaji wa nyuki. Gutmann aliandika makala maalumu juu ya nyuki kwa Wachaga, iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Humo alieleza jinsi mti wa kuchonga mizinga ulivyokatwa. Mwenye mti aliuhesabu kuwa kama dada yake anayeolewa. Kabla ya siku ya kukata aliuletea zawadi na kuuaga kwa maneno ya upole, kama mzazi anavyomuaga binti aendaye kwa mume. Siku yenyewe hakuwapo. Mti ulipokwisha kuanguka alikuja na kuwalaumu wakataji kana kwamba wamemnyang'anya ndugu yake, nao wakamtuliza.

Mgeni mwenye haraka angecheka na kuita ushirikina. Gutmann, ingawa alikuwa mhubiri wa Injili aliyetaka watu waache hofu ya mizimu, hakucheka. Aliona kwamba taratibu zile zilifanya kazi moja kubwa: zilimzuia mtu asiuangushe mti bila kufikiri. Mti uliokatwa kwa taratibu hizo haukatwi mara kumi kwa siku.

Vifungo vitatu

Kutokana na uchunguzi huo Gutmann alifikia fundisho lililomfanya ajulikane. Alisema kwamba Mungu amewaweka wanadamu katika vifungo vya asili ambavyo hawakujichagulia: ukoo, ujirani, na rika. Ukoo humpa mtu jina na ardhi. Ujirani humpa watu wa kushirikiana nao maji, njia na ulinzi. Rika humpa wenzake wa kumwonya na kumtia moyo. Kwa Gutmann, kuja kwa Injili hakukukusudiwa kuvivunja vifungo hivyo na kumwacha Mkristo akiwa mtu wa peke yake, bali kuvisafisha na kuvijaza upendo.

Alilitenda hilo katika usharika wa Old Moshi. Wazee wa kanisa waliwekwa kwa kufuata ujirani, wakiwa na wajibu wa kusuluhisha magomvi katika eneo lao kabla hayajafika mbali. Vijana wa Kipaimara waliunganishwa wawili wawili ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, kwa mfano wa desturi ya jando. Kazi za kusaidiana, kama kumjengea mjane au kulima kwa ajili ya mgonjwa, zilihesabiwa kuwa sehemu ya ibada. Utaratibu wa mitaa ya usharika na wazee wake, ambao washarika wengi wa leo wanaudhani kuwa ni jambo la kawaida tu, una ndugu wa karibu katika majaribio ya namna hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mwaka 1920, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na Gutmann akiwa miongoni mwao. Usharika ulibaki mikononi mwa walimu na wazee Wachaga. Haukufa. Gutmann aliporudi katikati ya miaka ya 1920 aliukuta ukiwa hai, na jambo hilo ni ushuhuda kwa wale walimu na wazee kuliko kwa mmisionari yeyote.

Vitabu na heshima

Mwaka 1926 kilitoka kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachaga, na kati ya 1932 na 1938 yakatoka majuzuu matatu ya mafundisho ya jadi. Chuo Kikuu cha Erlangen kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia, na kile cha Würzburg udaktari wa sheria. Kitabu cha sheria kilitafsiriwa baadaye kwa Kiingereza. Mtaalamu wa Kimarekani Sally Falk Moore, aliyetafiti sheria na maisha ya Kilimanjaro na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alikitumia sana, na hadi leo mtu anayetaka kujua habari za vihamba na mifongo ya zamani hawezi kumkwepa Gutmann.

Aliondoka Afrika kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Aliishi Ehingen, kijiji kilicho chini ya mlima Hesselberg huko Bavaria, akiendelea kuandika, mpaka alipofariki tarehe 17 Desemba 1966 akiwa na umri wa miaka 90.

Mapungufu yake

Kitabu cha kanisa kisigeuze watu kuwa malaika. Gutmann alikuwa na mapungufu ambayo ni haki yatajwe.

Kwanza, aliogopa mno mambo mapya. Aliona katika fedha, mji na shule za kisasa hatari kubwa kwa jamii, wakati vijana wengi wa Kichaga waliona humo mlango wa kujikomboa. Kahawa ilipoenea na wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, kisha ushirika wa KNCU mwaka 1933, ilidhihirika kwamba watu wanaweza kuingia katika biashara ya dunia na bado wakashikamana. Si kila kipya kilivunja.

Pili, aliwasikiliza zaidi wazee wanaume. Mwanamke aliyechota maji ya mfongo na kukata majani ya ng'ombe kila siku hakuwa na sauti katika baraza la mfereji, wala kwa desturi hakuruhusiwa kukaribia banio. Mali ya wote haikuwa ya wote kwa kipimo kimoja.

Tatu, maneno yake juu ya ukoo na taifa yaliandikwa katika Ujerumani ambamo maneno ya namna hiyo yalikuja kutumiwa vibaya kupita kiasi na utawala wa Hitler. Baada ya vita wanatheolojia walimhoji, tena kwa haki: ikiwa kanisa litajengwa juu ya ukoo na kabila, mgeni atakaa wapi?

Swali lake katika nchi yetu

Swali hilo la mgeni ndilo linalotuleta nyumbani. Buha nayo ilikuwa na walinzi wake. Abateko, wazee wa mila walioshika mambo ya ardhi ya mahali, walihusika na ugawaji wa ardhi na amani kati ya watu na nchi waliyoishi. Utaratibu huo ulipata misukosuko mikubwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia wananchi katika vijiji vipya, ambako mtu aliweza kujikuta jirani na asiyemjua, akilima ardhi ambayo babu yake hakuwahi kuiona. Tangu mwaka 1993 wakaja wakimbizi wengi kutoka Burundi, na mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa ajili ya ndugu kutoka Kongo. Mwaka 2015 wimbi jingine kutoka Burundi lilisababisha kambi ya Nduta wilayani Kibondo ifunguliwe tena. Kila jiko lilihitaji kuni, na kila nyumba ilihitaji miti. Magomvi ya kuni kati ya wenyeji na wageni yaliwafikia wachungaji na wazee wa kanisa kama yalivyoifikia serikali.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetambua ardhi ya pamoja ya kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi iliandikishwa kuwa ya kwanza nchini chini ya Mkataba wa Ramsar. Lakini Gutmann angetuuliza swali lilelile la Old Moshi: mkutano wa kijiji umepitisha sheria ndogo, sasa ni kifungo gani kitakachomfanya mtu aitii usiku, msituni, akiwa peke yake na shoka?

Kilimanjaro yenyewe ina funzo. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili kando ya vijiji, ukawa chini ya baraza la Wachaga, ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuuharibu msitu mkubwa wa juu. Mamlaka juu yake yalihamishwa mara kadhaa katika miongo iliyofuata, na mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika hifadhi ya taifa. Katika kuhamishwa huko ukanda uliharibika sana, kwa maana watu waliacha kuuona kuwa wao.

Dunia ya wasomi nayo ilichelewa kufika hapo. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Kimarekani Garrett Hardin alidai kwamba mali ya wote haina budi kuharibiwa, kwa kuwa kila mmoja atachukua kadiri awezavyo. Elinor Ostrom alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990, kwa mifano ya misitu, malisho na mifereji ya nchi nyingi, kwamba sivyo. Palipo na mipaka inayojulikana, kanuni walizozitunga watumiaji wenyewe, adhabu zinazopanda kidogo kidogo, na mahali pa karibu pa kusuluhishia magomvi, mali ya wote hudumu kwa vizazi. Mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mambo hayo yote, zamu, faini, mzee wa mfereji, upatanisho kwa isale, yalikuwa yameandikwa na mchungaji wa Kilutheri miongo kadhaa kabla, kwa kuwasikiliza wazee wa Old Moshi ambao ndio waliokuwa wenye elimu hiyo.

Hitimisho

Katika vifungo vile vitatu, viwili vimelegea kwetu. Ukoo umetawanyika, na rika haliingii tena jandoni kama zamani. Kilichobaki kila mahali, hata katika kijiji kilichoundwa na operesheni, hata kandokando ya kambi, ni ujirani. Nao ndio kifungo ambacho Bwana wetu alikichagua alipoulizwa jirani ni nani, akajibu kwa habari za Msamaria, mtu wa kabila jingine. Hapo Gutmann anasahihishwa na Injili aliyoihubiri, na hapohapo anathibitishwa. Anasahihishwa, kwa kuwa jirani si lazima awe wa damu yetu. Anathibitishwa, kwa kuwa bila jirani hakuna maji, hakuna msitu, wala hakuna usharika.

Usharika unaoanza miaka 100 mingine utapimwa kwa majengo na kwaya zake, na ni vyema. Utapimwa pia kwa chemchemi zilizo katika mitaa yake, miti iliyosalia katika vilima vyake, na kama mgeni aliyekuja kuomba kuni alirudi akiwa na jirani. Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake Bruno Gutmann, na kwa wazee wa Old Moshi waliomfundisha. Utukufu wote una Mungu peke yake.